Mtani Chini ya Gari

Cyprian alilisikia gari kabla hajaliona. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha genge la Herieth, Tabata, akimenya chungwa ambalo alikuwa bado hajaamua kama atalilipia, pale Surf moja la kijani lilipokata kona huku tairi lake la mbele likigonga: ka, ka, ka. Wengine walisogeza ndoo zao pembeni. Cyprian aliacha kumenya.

Sikio lake lilikuwa limesoma kuliko yeye. Shafti ya mbele, kile chuma kinachotoa nguvu kwenye gia na kuipeleka tairini, ikichoka hulia gari likikata kona, likinyoosha, kimya. Surf lile lilinyoosha na bado likagonga. Basi haikuwa shafti. Ilikuwa kokoto iliyonasa kwenye kashata, yale meno ya tairi, ugonjwa unaotibiwa kwa bisibisi. Shafti zenyewe zilikuwa nzima kabisa, na kwa umri wa gari lile bila shaka ni zilezile lilizotoka nazo Japani.

Mtu mwaminifu angemwambia mwenye gari atoe kokoto yake aende salama. Lakini mtu mwaminifu hakuwepo gengeni asubuhi ile. Alikuwepo Cyprian.

Wala tusimhukumu haraka, maana mwenzetu alikuwa na ndoto. Walid, mwenye duka la spea kule Mikocheni, alikuwa amempa ahadi: "Niletee shafti mbili za mbele za Surf, orijino, siyo hizi za kuchongwa. Nina mteja anazililia. Ukizileta, ile kona ya dukani ni yako." Kona hiyo ilikuwa na meza, feni na paa. Cyprian, fundi wa majumbani, aliyezunguka mjini miaka yote na begi la spana kwapani na jua utosini, alikuwa ameshaiota kona ile mpaka akajua feni yake inazunguka kuelekea upande gani.

Mpango wake ulikuwa mwepesi hadi aibu. Angezitoa shafti zote mbili na asirudishe kitu. Gari la aina ile likikosa shafti za mbele bado linakwenda, linasukumwa na tairi za nyuma. Mwenyewe hajui mpaka siku atakapozama kwenye tope na kutaka tairi zote nne zivute, na kwa wengi wanaoendesha magari hayo hapa Dar siku hiyo haiji kamwe. Wanapanda mlima wa mwisho wa maisha yao kwenye tuta la barabarani. Cyprian hakuona kwamba anaiba. Aliona anawapunguzia watu mzigo.

"Sista Herieth," aliuliza, "yule mama wa Surf ni nani?"

"Mama Demetria? Mpangaji wa ile nyumba ya geti jeusi. Mhehe yule, mcheshi kweli. Na hilo chungwa?"

"Weka kwenye akaunti," alisema Cyprian, ambaye hakuwa na akaunti, akaondoka.

Mhehe! Uso wote ulimchanua. Cyprian alizaliwa Newala, Mmakonde kwa baba na kwa mama, lakini mjini jambo hilo hakuwahi kuliruhusu limharibie kazi. Kwa Mpare alikuwa Mchaga, kwa Mzaramo alikuwa Mnyamwezi. Alishaona kwamba hakuna ufunguo unaofungua mlango wa mtu kama utani: mtani haombi, anaingia, hakaribishwi, anakaa, na akikutusi, unacheka na kumwongezea chai. Njia ya kutoka gengeni mpaka getini ilikuwa fupi, lakini Cyprian alipofika alikuwa ameshakuwa Mngoni, mtani wa Wahehe.

Alipiga geti kwa ngumi. "Hodi nyumba ya Wahehe! Fungeni mbwa nipite! Au mmeshamla?"

Majirani wawili watatu walitoa vichwa. Geti likafunguka, akatokea mama mnene mwenye kanga ya zambarau na macho yasiyo na haraka. Alimwangalia Cyprian kuanzia kiatu hadi kofia, kama mtu anayepima kitambaa.

"Nani huyo anabweka getini kwangu?"

"Mngoni wa Songea, bwana wako!"

Mama yule alishika kiuno. Kisha akacheka kicheko kikubwa kilichowatoa hata wale majirani waliokuwa bado ndani. "Mngoni! Jamani njooni muone, Mngoni huyu! Babu zako si tuliwatimua mkakimbia mkaacha ngao njiani? Umeifuata leo?"

"Hatukukimbia vita, tulikimbia harufu ya jikoni kwenu!"

"Ingia, mla panya wewe. Usiibe kitu!"

Akaingia. Ndani ya muda mfupi alikuwa amekaa kwenye kiti cha baraza, anakunywa chai ambayo mama yule alikuwa amejimiminia mwenyewe, na ukuta wa jirani umejaa viwiko vya watazamaji. Ndipo akataja gari, kwa sauti ya daktari anayempenda mgonjwa wake.

"Mtani, nimelisikia gari lako linalia. Zile shafti za mbele zimekufa. Zote mbili."

"Weee! Si moja?"

"Hizo ni pacha, mtani. Moja ikifa, nyingine inafuata kwa majonzi. Siku utakata kona, tairi linabaki huku, wewe unaendelea kule."

"Mungu wangu. Na kuzitoa si utanimaliza?"

"Mtani anamtoza mtani? Nakufanyia bure. Hicho chuma kibovu nitakusaidia kukitupa."

"Halafu nitembelee nini?"

"Hivihivi. Zikitolewa zile, gari linakuwa jepesi, hata mafuta linakunywa kidogo."

"Kumbe!" Mama Demetria alitikisa kichwa kwa mshangao. "Na Wajapani wenyewe hawakulijua hilo?"

"Wajapani hawajawahi kuendesha Tabata."

Mama alifikiri kidogo, akaangalia barabarani, akaangalia saa ya simu yake. "Basi zitoe zote mbili, na uzitoe leo hii. Nina haraka." Cyprian angekuwa na akili zake zote angejiuliza haraka ya nini. Lakini akili zake zilikuwa zimeshatangulia Mikocheni, zinapanga meza.

Kazi ikaanza palepale uani, geti likiwa wazi, mtaa mzima ukitazama. Na lazima tuseme kweli, hata kama inauma: kwa kutoa shafti Cyprian alikuwa fundi haswa. Hakuinua gari kwanza kama wanavyofanya wanaobahatisha. Alichomoa pini ya nati kubwa ya katikati tairi likiwa bado chini, akamwita mama akae ndani ya gari.

"Kanyaga breki, mtani! Kanyaga kama unakanyaga Mngoni!"

"Hiyo naijua bila kufundishwa!"

Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote hadi nati ikatoa ukelele na kulegea. Ndipo akapiga jeki, akaweka mawe chini ya chesesi, akatoa tairi, akaitundika breki kwa waya ili isining'inie kwa bomba lake. Akafungua bolti za chini zinazoshika mguu wa gari, akauvuta mguu nje, akagonga kichwa cha shafti kwa nyundo na kipande cha mbao katikati, taratibu, asije akaharibu uzi wa nati. Mali ya Walid hiyo. Kisha akajilaza chini na mtarimbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Cyprian aliinama hadi akalala chali.

Pale chini utani haukukatika. Mama Demetria alimvua kofia akaivaa yeye.

"Mwizi!" alipiga kelele Cyprian kutoka uvunguni. "Jamani mwizi! Mhehe kaniibia kofia!"

Ukutani walicheka hadi mmoja akaanguka. Mama akaiendea ile chai iliyobaki, akainywa.

"Mwizi jamani! Nisaidieni! Kanimaliza!"

Wakacheka zaidi. Walikuja na watoto, walikuja na viti. Herieth alihamishia karanga zake getini. Simu ya Cyprian, iliyokuwa inachajiwa dirishani, ikaita, na mama akaipokea, kwa kuwa simu ya mtani haina mwenyewe.

"Haloo? Walid wa wapi? ... Mtani! Kuna Walid wa Mikocheni, anauliza zile shafti zimepatikana, maana kona inakusubiri."

Mtarimbo ulidondoka chini ya gari.

"Mwambie ndiyo," ilisema sauti ya Cyprian. "Ni... ni mambo ya kanisani."

"Anasema ndiyo, kaka Walid. Duka lako liko sehemu gani vile? ... Haya." Akakata. Hakuuliza la pili. Cyprian akamshukuru Mungu kwa kumuumba Mhehe asiye na udadisi.

Shafti ya kwanza ilichomoka na mlio mtamu, tu!, na mafuta ya difu, ile gia ya mbele, yakafuata kidogo kabla hajaziba tundu kwa kitambaa. Ya pili haikumpa shida. Zote mbili alizifuta, akazitazama kwenye mwanga. Raba zake hazikuwa na hata ufa. Alizifunga kwenye kiroba kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha binadamu, akakiweka kando ya begi la spana.

"Sasa nawe ule," alisema mama Demetria. "Mngoni akitoka kwa Mhehe na njaa, huo ni mkosi. Nenda sebuleni, ugali umeshaiva. Nawa hiyo mikono ya shetani kwanza."

Cyprian alijua sheria: chakula cha mtani hakikataliwi. Tena alikuwa na njaa. Alinawa, akaketi, akakata tonge la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa njiani aliposikia bajaji ikiingia uani na kugeuza. Akapiga hesabu ya haraka ya mama, kiroba, bajaji na Mikocheni, akatoka mbio na tonge mkononi.

Mama Demetria alikuwa ameshakaa kwenye bajaji na kofia yake Cyprian kichwani. Miguuni kuna kiroba, begi la spana, jeki, simu na chaja yake, pamoja na sanduku kubwa la nguo. Herieth mwenyewe alikuwa anasaidia kusukuma sanduku lienee.

"Mwizi!" alipiga kelele Cyprian. "Mwizi! Mkamateni!"

Mtaa mzima ulipiga makofi.

"Siyo utani! Anaiba kweli! Vifaa vyangu!"

"Huyu Mngoni anaua," alisema mzee mmoja akijifuta machozi.

"Mie siyo Mngoni!" Tonge lilimponyoka. "Jamani, mie Mmakonde! Mmakonde wa Newala!"

Hapo ndipo wengine walipokaa chini kabisa. Watani wengi walishapita mtaani pale, lakini hakuna aliyewahi kufika mahali pa kulikana kabila lake mwenyewe kwa ajili ya kuchekesha watu. Cyprian alijaribu kuikimbilia bajaji. Vijana wawili walimshika mabega kwa mapenzi, wakimwambia braza, we ni noma. Mama Demetria alipunga mkono. "Kwaheri, mla panya! Nakwenda kuuza mifupa yenu!" Bajaji ikapinda kona, na vumbi likatua.

Wakati bado wanacheka, aliingia mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya mkono, anafuta jasho. Alikuwa Mzee Muhsin, mwenye nyumba. Alisimama. Alitazama Surf la kijani likiwa juu ya mawe, tairi mbili za mbele zimelala chini, mafuta yanadondoka kwenye mchanga. Kicheko kikapungua.

"Nani amefanya hivi gari langu?"

Cyprian alirudi nyuma hatua moja. "Shikamoo, mzee. Gari... lako?"

"Langu. Nilimwachia mpangaji ufunguo awe analiwasha, kwangu pana ujenzi. Nimekuja kulichukua leo niende shamba. Yuko wapi?"

"Mama Demetria katoka sasa hivi, mzee," alisema Herieth. "Na mizigo."

"Demetria ni nani? Mpangaji wangu anaitwa Kokushubila. Mhaya wa Bukoba."

"Mhaya? Sie tunamjua Mhehe."

"Kwenye jumuiya ya kanisani alituambia Mchaga wa Rombo," ilisema sauti ukutani. "Tukamchangia nauli ya Krismasi."

Watu walitazamana, kisha wakamtazama Cyprian, na safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja aliokota jiwe, akawa analichezea tu. Cyprian anaujua mji. Anajua kwamba neno alilolipigia kelele asubuhi nzima, likitamkwa sasa na mwingine, kwa sauti ndogo tu, hatatoka Tabata na meno yake. Aliogopa. Tusimcheke hapa, hata mimi ningeogopa.

"Na wewe ni nani?" aliuliza Mzee Muhsin.

Aliyemwokoa ni Herieth. "Huyu Mngoni ni fundi tu, mzee. Kapigwa kama sie. Mwizi gani anaiba geti liko wazi na kelele zote zile? Kaibiwa mpaka simu."

Mtaa ukaitikia: kweli, kaibiwa, tumeona kwa macho yetu, tumecheka wenyewe. Mzee Muhsin alinyoosha mkono. "Kitambulisho." Alikisoma kwa mbali. "Mngoni, umezaliwa Newala?"

"Tupo wachache kule, mzee."

"Hiki kinabaki kwangu. Na viatu vinabaki. Kabla ya alasiri gari langu liwe na shafti zake. Baada ya hapo mimi sitasema neno, watasema hawa."

Na kwa hivyo Cyprian alifika Mikocheni amevaa kandambili za waridi za Herieth. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Walid alimpokea mlangoni anameremeta.

"Cyprian! Mzigo umefika, orijino tupu, mteja kaja kaubeba palepale. Na huyu dada yako Najma, mbona ulikuwa umemficha? Amekaa hapo saa hii tu, ameshauza vioo ambavyo mie nimeshindwa kuviuza tangu mwaka juzi."

Kwenye kona, nyuma ya meza, chini ya feni, alikaa mama wa kanga ya zambarau. Sasa alikuwa ameivuta kichwani kwa heshima, na maneno yalimtoka laini, ya pwani.

"Karibu, ndugu yangu. Tulipokuwa Kilwa marehemu mama alikuwa akisema, Cyprian atachelewa, lakini atafika."

Cyprian aliinama mezani. "Nitamwambia kila kitu," alinong'ona.

"Mwambie," alinong'ona mama, anatabasamu kwa Walid. "Waliokuona unazitoa ni mtaa mzima. Mie wameniona napika ugali."

"Wana kitambulisho changu, mama. Nisiporudi na shafti wataniua. Kweli tena."

Mama alimtazama. Aliona kandambili. Kitu kama huruma kilipita usoni mwake, kikapita bila kusimama.

"Walid mdogo wangu," aliita, "si una zile shafti za kuchongwa? Mpe huyu mbili. Atazilipa kwa kazi. Nahitaji fundi hapa konani, wa kukaa nje ya mlango na kufunga vitu ninavyouza."

"Nje juani?" aliuliza Cyprian.

"Ndani pamejaa."

Walid alileta shafti mbili mpya zinazong'aa rangi, nyepesi kama ahadi ya mgombea. Cyprian alizikumbatia. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi kichwa chini. Hakuwa na spana hata moja ya kuzifungia.

Mama aliinama chini ya meza, akatoa begi. Alilifungua, akachagua spana mojamoja, na nyundo, na mtarimbo, na jeki, akavisogeza mbele yake polepole kwa namna ya mtu anayeachana na mali yake.

"Nakuazima," alisema. "Virudi leo, visafi. Mie sipendi mtu asiyetunza vitu vya watu."

"Asante, bosi," alisema Cyprian.

Alibeba spana zake alizoazimwa, akatoka juani. Na kilichomchoma njia nzima hadi Tabata haikuwa kona, wala kofia, wala kandambili zilizokuwa zinamkata vidole. Kilichomchoma ni kwamba ile asante ilikuwa imetoka moyoni.